Mjukuu wa Nne

Kwetu baba hazungumzi na binti yake habari za tumbo. Kazi hiyo ni ya mama, na mama akiwa hayupo, ni ya shangazi. Baba huambiwa tu kwamba mtoto amezaliwa, akanawa mikono, akaja kumtazama. Nimelelewa hivyo, na binti yangu nimemlea hivyo. Kwa sababu hiyo, kila nikikumbuka kwamba mimi ndiye niliyekaa naye mbele ya daktari kule Dar es Salaam, nikisikiliza mayai yake yanavyotajwa moja moja, uso wangu hupata moto kama wa mtu aliyekutwa mahali asipotakiwa.

Naandika nikiwa mzee, na sina manung'uniko. Mungu amenipa umri ambao baba yangu hakuufikia. Nina nyumba Katandala, hapa Sumbawanga, nina shamba Kasense, na magoti yangu bado yanakubali kupiga chini wakati wa sala. Nimekuwa katekista tangu ujana wangu. Nimefundisha ubatizo, komunyo na ndoa kwa watu ambao leo nawafundishia watoto wao. Kwa yote hayo nashukuru kila asubuhi. Lakini upo mwaka mmoja, wa karibuni kabisa, ambao nikiufikia katika sala zangu natazama sakafu.

Mwanzo wake ni siku ya kumaliza msiba wa mke wangu. Watu walikuwa wamekaa uani, wamekula, kibuyu cha pombe ya ulezi kimezunguka, na ikawa zamu ya mfiwa kushukuru. Nikasimama, nikashukuru majirani, nikashukuru jumuiya yetu ndogo ya Kikristo iliyotupikia. Kisha majonzi yakanibeba, nikasema, "Sasa jina la marehemu limebaki bila mtu. Nani atalirudisha katika nyumba hii?"

Katika ukoo wetu jina la bibi hurudi kwa mjukuu wa kike. Binti yangu ndiye mtoto pekee Mungu aliyetuachia, na yeye alikuwa na wavulana watatu. Wazee waliitikia kwa vichwa, wakanionea huruma, wakaendelea na kibuyu chao. Mimi mwenyewe nililisahau neno lile kabla ya kukaa. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sinia la vikombe, na hakulisahau.

Ilipita miaka mimba isiingie. Sikujua kama anaitafuta, ningejuaje? Nilimwona tu amekonda. Ana duka la mbegu na mbolea mjini, na mumewe anafuga ng'ombe huko bondeni karibu na Ziwa Rukwa. Wazazi wa mkwe wangu walihamia huku na mifugo yao kutoka upande wa kaskazini magharibi mwa nchi, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Ni mtu wa maneno machache. Jioni moja ya mwezi wa kwanza alikuja peke yake, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda cha chini ingawa kiti kilikuwepo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Baba, nina neno zito, na halina mtu mwingine wa kulibeba."

Akalisema huku anaigeuza kofia yake mikononi. Mke wake anataka kwenda Dar es Salaam kwenye kliniki ambako mimba hutengenezwa maabara. Huko wanaweza kupima na kujua mtoto ni wa kike au wa kiume kabla hajawekwa tumboni. Yeye mkwe ameshauza ng'ombe. Atakwenda naye, atatoa kinachotakiwa kwa mwanamume, lakini hawezi kukaa huko wiki zote za sindano, maana mifugo haina likizo. Mama mkwe hayupo tena. Nani atakaa na mgonjwa?

"Shangazi yake," nikasema haraka.

Mkwe akaangalia chini. Dada yangu anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Ana moyo mkubwa kuliko mtu yeyote ninayemjua, ila hana kifua. Neno ukimpa saa mbili asubuhi, saa nne liko sokoni.

"Unajua Kanisa linasemaje juu ya jambo hilo?" nikamuuliza.

"Baba, hayo unayajua wewe. Mimi ninachojua, mwanao halali usingizi. Nilimwambia tuna watoto watatu, tumshukuru Mungu. Akaniambia, 'Baba aliuliza mbele ya watu, na mtu wa kumjibu ni mimi peke yangu.'"

Nilitamani kumwambia kwamba lilikuwa neno la msiba tu. Lakini mtu aliyebeba neno miaka yote hiyo humwambii lilikuwa neno tu. Nikasema nitakwenda.

Jumuiya nikaiaga kwa uongo. Niliwaambia nakwenda Dar kutibiwa macho. Wakasimama wote pale pale, sebuleni kwa mwenyeji wetu, wakayaombea macho yangu, mmoja baada ya mwingine, wengine wakitoa machozi. Mama mmoja mzee ambaye kweli haoni vizuri aliomba Mungu anipe mimi kwanza, yeye baadaye. Niliitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," kwa sauti ile ile ninayoitumia siku zote.

Kliniki yenyewe ilikuwa safi na ya baridi, na watu wamekaa bila kutazamana, kama tunavyokaa tukisubiri kuungama. Mkwe alikuwa ameshafanya sehemu yake na kurudi Rukwa. Muuguzi akatokeza kichwa mlangoni, akamwita binti yangu, kisha akasema, "Na mume aingie."

Nikageuka kumtafuta huyo mume.

"Mzee, ni wewe," akasema. "Usiogope, humu hatuchomi wanaume."

"Ni baba yangu mzazi," binti yangu akasema.

Muuguzi akaziba mdomo. "Jamani! Nisamehe, babu. Hapa tunaona mengi." Mwanamume mmoja kwenye viti vya nyuma alicheka mpaka akakohoa. Ningeweza kubaki nje. Lakini binti yangu alikuwa ameshanishika mkono wa shati, kitu ambacho hakukifanya tangu akiwa darasa la kwanza, nikaingia naye.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, anayesema taratibu. Alieleza kwamba mwanamke huzaliwa na mayai yake yote na hayaongezeki tena. Kuna wanaofika uzeeni yangalipo, na kuna wanaoishiwa mapema. Ya binti yangu yalikuwa yamebaki machache sana kwa umri wake.

"Tutakuchoma sindano ili yale yaliyopo yakue, tuyatoe, tuyakutanishe na mbegu za mumeo," akasema. "Kiinitete, yaani yai lililopokea mbegu na kuanza kukua, kikifika siku ya tano tunachukua chembe chache, tunazipeleka nje ya nchi kupimwa. Kiinitete chenyewe kinabaki hapa kwenye barafu. Majibu yakija tutajua jinsia. Lakini nisikilize, mama. Mwenye mayai mengi anaweza kuchagua. Wewe ukianza kuchagua, unaweza kurudi kwenu mikono mitupu. Ushauri wangu, ukipata hata mmoja, mpokee alivyo."

"Nataka wa kike, daktari."

"Nimekusikia. Na kama hakuna wa kike?"

Binti yangu alikunja pindo la kanga yake. Daktari akanigeukia mimi. "Babu, wewe unasemaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Najua vizuri mafundisho yanavyosema, nimeyafundisha bila karatasi: mtoto ni zawadi, haagizwi, wala hachaguliwi. Tena ningeweza kusema lile dogo tu ambalo lingemfungua mwanangu, kwamba simdai jina la mtu. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa bado na udongo mwekundu wa Kasense pembeni.

"Ataamua mwenyewe," nikasema.

Tulikaa katika nyumba ya wageni karibu na kliniki, vyumba viwili vinavyotazamana. Asubuhi namsindikiza kwenye sindano, mchana namnunulia matunda, jioni tunakula bila maneno mengi. Alivimba tumbo na kuumwa kichwa. Siku moja aliniomba nimshikie mfuko wa barafu mgongoni, nikaushika huku nimegeuza uso ukutani, nasi sote wawili tukacheka kwa aibu. Palikuwa na kanisa mtaa wa pili. Nilikwenda kila siku, nikakaa benchi la mwisho, na watu walipopanga mstari wa komunyo nilibaki nimekaa.

Walipata mayai matatu. Moja tu ndilo lililopokea mbegu. Hilo moja likafika siku ya tano, wakachukua chembe zake, wakaligandisha, tukaambiwa turudi nyumbani tusubiri simu.

Huku Sumbawanga jumuiya ilinipokea kwa nyimbo. Dada yangu, mtu asiyeamini mpaka ashike, alikuja na sindano na uzi. "Kaka, hebu nitungie." Nikatunga mara moja. Akapiga kigelegele. "Kweli Dar kuna madaktari!" Yule mama mzee asiyeona akaomba nimwelekeze hospitali niliyotibiwa. Nikamwambia nimesahau jina la mtaa. Usiku wake nililisema tendo la kutubu tangu mwanzo mpaka mwisho, na halikuniletea usingizi.

Ilikuwa Kwaresima. Katekista anayekaa benchi la mbele hawezi kubaki amekaa wakati wa komunyo bila watu kuona. Dominika ya kwanza dada yangu alinisubiri nje ya mlango wa kanisa.

"Mbona hukupokea?"

"Nilisahau, nikanywa chai wakati natoka nyumbani."

Dominika ya pili akaniuliza, nikajibu vilevile. Ya tatu hakuuliza tena. Alisema kwa sauti ili wenzake wasikie, "Jamani, muacheni mwalimu, ametoka kwenye chai yake."

"Chai gani hiyo isiyosubiri misa?" mmoja akadakia.

"Labda ile ya kibuyu!"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Wakaanza kuniita Mwalimu wa Chai. Lilikuwa jina la upendo, na lilinichoma kuliko tusi.

Jumamosi nilikuwa na mafundisho ya ndoa, wachumba kama kumi hivi. Kijana mmoja fundi pikipiki akanyosha mkono. "Mwalimu, hawa watoto wa kupandikizwa, Kanisa linawaonaje?"

"Watoto wenyewe ni watoto," nikasema. "Ni wana wa Mungu kama wewe."

"Sawa, na wazazi waliowatafuta hivyo je?"

Nikatazama saa ya ukutani. "Hilo ni somo refu. Tutalichukua wiki ijayo."

Nilipogeuka kufuta ubao nilimsikia mchumba wake akinong'ona, "Amelikimbia." Wiki iliyofuata sikwenda. Nilimwomba paroko anipumzishe darasa lile. Nikaungama kwake siku hiyo hiyo, uongo wote na safari yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. "Huyo aliye kwenye barafu, mwalimu, mmeamua nini juu yake?" Nikasema hatujui kama ni wa kike. Akasema, "Sikukuuliza hilo."

Simu ilikuja katikati ya mwezi wa tatu. Wakati huo huku kwetu ni msimu wa ntumba. Mvua zimelainisha ardhi, majani ni marefu na mabichi, nasi tunayakata na kuyafukia chini ya vilima vya udongo yaoze, ili mwaka unaofuata shamba liwe na nguvu. Ni kazi ya kuinama. Binti yangu alikuja Kasense asubuhi bila kuniarifu, akafunga kanga kiunoni, akachukua jembe la marehemu mama yake lililokuwa limeegemea kibanda, akaanza mstari wake. Mimi nilikuwa kwenye wangu. Nilikuwa napanda mteremko, yeye anashuka, na tulipopishana katikati tukawa tumepeana migongo. Ndipo aliposema.

"Baba, wamepiga."

Nikaendelea kulima. Ningeacha, ningelazimika kumgeukia, naye asingeweza kuendelea.

"Wanasemaje?"

"Amepona vizuri. Hana kasoro." Jembe lake likaingia ardhini mara mbili. "Ni wa kiume."

Naliandika hili kwa aibu kubwa kuliko yote niliyokwisha kuyaandika. Kitu cha kwanza kilichoingia kifuani mwangu kilikuwa masikitiko. Mimi niliyewafundisha watu tangu ujana kwamba kila anayeumbwa anapendwa, niliposikia habari ya mjukuu wangu niliona hasara. Nilifukia majani niliyokuwa nimeyakata, nikayafunika, nikapiga udongo kwa jembe zaidi ya ilivyohitajika.

"Wanauliza nimchukue au nimwache," akasema. "Nikimwacha, naweza kujaribu tena. Daktari anasema haoni kama kuna yai lingine la maana, lakini hawezi kukataa."

"Na wewe wataka nini?"

"Mimi sijui tena, baba. Nilikwenda kule kwa ajili ya jina la mama. Nikimleta mvulana wa nne, nitakuwa nimekuaibisha na kanisa lako, mume wangu amepoteza ng'ombe, na jina bado liko vilevile."

Kilima changu kilikuwa kimekwisha. Nikahamia kingine. Nilimwomba Mungu maneno, na yaliyokuja hayakuwa ya katekisimu.

"Mama yako hajapoteza jina," nikasema. "Mungu analijua, na mimi nalitaja kila asubuhi kabla sijapiga mswaki. Siku ile ya msiba nilikuwa nalia tu, mwanangu. Sikukuagiza. Kama niliagiza, nimefuta."

Sikusikia jembe lake.

"Mama yako ana jina, ana kaburi, ana watu wanaomkumbuka," nikaendelea. "Huyo aliyeko Dar hana hata kimoja, na ameshakuwepo. Kamchukue mwanao."

"Kwa hiyo umekubali? Si wewe unayefundisha kwamba ni dhambi?"

"Sijakubali. Tulipoingia tulikosea, na nitasema tulikosea mpaka nife. Lakini yeye hakukosea. Nimesema kamchukue."

Nikaogopa kwamba nimemuumiza. Kisha nikasikia jembe lake linaanza tena, polepole, halafu kwa mwendo wake wa kawaida. Tulimaliza mistari ile bila kutazamana. Wakati wa kula viazi alinipa kikubwa.

Mumewe ndiye aliyekwenda naye safari ya pili, baada ya Pasaka. Ng'ombe waliachiwa ndugu. Mimi nilibaki, na Dominika ile niliyojua kwamba ameshawekwa, nilipanga mstari na wenzangu, nikapokea. Dada yangu aligeuka kunitazama, akainua kidole gumba kwa siri kama kijana wa stendi. Nilifurahi kwa namna ya mtoto. Nilirudi nyumbani nikaanza kumchongea mtoto kigoda, ingawa kichwa changu kilikuwa kinajua kwamba ni mapema mno.

Hakukaa. Wiki mbili hazijaisha, mkwe akanipigia simu. "Baba, imetoka," akasema, na sauti yake ikakatika, nikasikia ng'ombe wanalia nyuma yake. Walikuwa wamesharudi nyumbani. Sikuuliza zaidi. Si maneno ya baba kuuliza.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifunza aibu nyingine, isiyo na dhambi ndani yake na ambayo sikuijua. Sikuwa na mahali pa kumlilia mtu yule. Hakuna aliyejua kwamba alikuwepo. Sikuweza kutaja nia ya misa, maana ningemtajaje? Binti yangu alifungua duka kama kawaida, akauza mbolea, akacheka na wateja. Niliwahi kupita mbele ya duka nikamwona kupitia dirishani ameweka mkono tumboni, nikaendelea na njia yangu kana kwamba sikumwona.

Mwezi wa tano ni mwezi wa rozari. Kila jioni jumuiya hukutana nyumba tofauti, tukasali mbele ya sanamu ya Bikira Maria inayolala kwa mwenye zamu. Ilifika zamu yangu. Nilifagia, nikapanga mikeka na viti, dada yangu akaleta maua ya uani kwake. Tulisali mafumbo yote. Kisha yakaja maombi ya kila mtu. Mmoja aliombea mahindi yaliyokuwa yanakomaa, mwingine mtoto wake aliye chuoni. Yule mama mzee aliyaombea tena macho yangu, yasirudi kuugua. Kila ombi lilijibiwa, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," na zamu ikanifikia mimi, mwenye nyumba na mwongozaji.

Sikuwa nimepanga. Nilifungua mdomo kuombea wajukuu wangu kama ninavyofanya siku zote, nikasema, "Tuwaombee wajukuu wangu wanne, watatu walio nasi, na mmoja aliyekuja akakaa kidogo, akaondoka kabla hatujamwona."

Hakuna aliyeitikia.

"Kaka," dada yangu akasema kwa sauti ya chini, "ni watatu."

"Macho hayo tena," mwanamke mmoja akanong'ona nyuma, na mwingine akacheka kidogo, akaacha.

"Ni wanne," nikasema. "Macho yangu hayakuugua hata siku moja. Niliwadanganya. Nilikwenda Dar kwa ajili yake."

Nikaishika rozari kwa mikono yote miwili. Nilingoja waulize. Niliona nyuso zao wakihesabu, safari, chai, na darasa la ndoa nililoliacha. Nilijua kwamba kabla ya saa nne asubuhi nitakuwa nimesimuliwa Katandala nzima. Ndipo yule mama mzee asiyeona vizuri, aliyeyaombea macho yasiyougua, akasema peke yake, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Wengine wakamfuata, si kwa pamoja, mmoja hapa, mmoja pale.

Watu waliaga mapema. Dada yangu alibaki kukusanya vikombe. Nikamweleza safari yote, nikamsubiri anifokee, na alinifokea.

"Mimi shangazi yupo hai, wewe mwanamume mzima unaingia kwa daktari na mtoto wa kike kusikiliza mambo ya kizazi! Ulijisikiaje?"

"Vibaya."

"Ningekuwa mimi, ningekaa naye. Ningemkanda."

"Ungesema."

Akaweka kikombe chini. Hakukataa. "Ningesema," akasema. "Lakini ningekaa naye." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Alikuwa mtoto gani?"

"Wa kiume."

"Na mama yake, nani alimpikia uji?"

Nikamtazama bila kuelewa. Mzazi wa kwetu akijifungua hupikiwa uji wa ulezi na wanawake wa ukoo, awe mtoto amepona au hakupona. Ni cha kwanza kabisa kufanywa, na sikuwa nimekiwaza hata mara moja.

"Hakuna," nikasema.

Dada yangu akabeba vikombe, akatoka. Asubuhi, kabla jua halijashika, alinigongea akiwa na unga kwenye ungo na sufuria chini ya kwapa. Tulitembea pamoja mpaka kwa binti yangu, upepo ukitukata masikio. Mkwe alikuwa bondeni, watoto wamekwenda shule. Binti yangu alifungua mlango, akamwona shangazi yake na ungo ule, akaelewa kabla hajaambiwa. Akanitazama mimi juu ya bega la shangazi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ntumba, macho kwa macho, kisha akaingia ndani.

Mimi sikuingia. Nilikaa nje kwenye benchi, nimejifunga koti, mahali anapokaa baba. Nilisikia kuni zinavunjwa, na mwiko unazunguka sufuriani. Halafu nikamsikia mwanangu analia kwa sauti, kama anavyoruhusiwa kulia mtu aliyefiwa, na dada yangu akimwambia, "Kunywa, mama wa watoto wanne. Kunywa."

Aliyepita njiani akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu. Mbona nje asubuhi hii, kuna nini?"

"Marahaba," nikasema. "Binti yangu alipata mtoto."

Nikaona anatafuta la kujibu, hongera au pole. Sikumsaidia, maana mimi mwenyewe mpaka sasa sijui lipi lilifaa.